Alilia vizuri alipozaliwa, akafariki siku ya tatu: je, itajirudia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, naishi wilayani Kilosa. Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kiume katika wiki ya 34, akiwa na kilo 1.9. Alilia vizuri, tukaruhusiwa kesho yake. Nyumbani aliogeshwa, akawa ananyonya kidogo na kulala sana, na siku ya tatu akafariki. Mama mkwe anasema nilimdhuru kwa kubeba ndoo za maji. Sasa nina ujauzito wa wiki 22. Naomba kujua ni mambo gani humweka mtoto hatarini mara tu anapozaliwa, na kama yatanirudia.

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa msiba wa mwanao.

Nianze na ndoo za maji, kwa kuwa naona ndizo zinazokuelemea zaidi. Kazi nzito ya muda mrefu, hasa ya kusimama na kubeba mizigo siku nzima, inaweza kuongeza kwa kiasi kidogo uwezekano wa uchungu kuanza kabla ya wakati, na ndiyo maana tunawaomba watu wa nyumbani wampunguzie mjamzito kazi. Lakini sidhani kama yupo mtaalamu makini atakayesoma maelezo yako na kusema kwamba ndoo ndiyo iliyomuua mtoto. Sikuliona faili lake, kwa hiyo siwezi kutaja sababu ya kifo kwa uhakika. Hata hivyo, katika mistari yako michache mna mambo manne ambayo kitabibu yanaeleweka vizuri: kuzaliwa katika wiki ya 34, uzito wa kilo 1.9, kuruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja, na kuogeshwa mapema huku akinyonya kidogo. Hakuna hata moja kati ya hayo uliloliamua wewe peke yako, na mama mkwe, kama atasomewa jibu hili, namwomba alisikie hilo.

Kihatarishi ni hali inayoongeza uwezekano wa mtoto kupata shida, ingawa hailazimishi shida hiyo itokee. Wapo akina mama wenye vihatarishi vitatu au vinne kwenye kadi zao ambao watoto wao hutoka wodini wakiwa wazima, na wapo wasio na hata kimoja ambao watoto wao huzaliwa bila kupumua. Kwa sababu hiyo mimi hupinga tabia ya kumwambia mjamzito kwamba hana tatizo lolote, basi ajifungulie popote. Orodha ya vihatarishi hutusaidia kuchagua mahali pa kujifungulia na kujiandaa, lakini haiwezi kumtambua mapema kila mtoto atakayehitaji msaada.

Takwimu za nchi yetu zinaonyesha jambo hilo kwa namna yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Utafiti uliotangulia, wa 2015/16, ulikuwa umetoa idadi ya 25. Katika kipindi hichohicho vifo vya watoto wote wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000, na uzazi unaofanyika katika vituo vya kutolea huduma uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Ninavyoisoma mimi hali hiyo, chanjo, vyandarua na matibabu ya malaria na kuhara vimewaokoa watoto waliokwisha kupita mwezi wa kwanza, ilhali mtoto mchanga hasaidiwi sana na kufika tu kwenye jengo la zahanati. Anamhitaji mhudumu mwenye ujuzi, kifaa kinachofanya kazi, na uangalizi usiokatika katika saa na siku chache za mwanzo.

Duniani kote sababu kubwa tatu za vifo vya watoto wachanga ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki ndani ya siku 28 za mwanzo, na takriban robo tatu ya vifo vya umri huo hutokea katika wiki ya kwanza. Mwanao alikuwa wa kundi la kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo kwa kirefu.

Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Wa wiki 28 humshtua kila mtu, naye hukimbizwa wodi ya watoto njiti bila mjadala. Anayesahaulika ni wa wiki 34 hadi 36, kwa sababu hulia, hufumbua macho, na kwa kutazamwa harakaharaka huonekana mtoto wa kawaida ambaye ni mdogo tu. Ukweli ni kwamba mafuta chini ya ngozi yake ni machache, ngozi ni nyembamba, na mwili wake hupoteza joto upesi. Uwezo wa kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua ndio kwanza unaanza kukomaa karibu na wiki ya 34, hivyo hunyonya mara chache, huchoka, kisha hulala. Akiba ya sukari katika ini lake nayo ni ndogo. Mambo hayo huchocheana: akipoa hutumia sukari na oksijeni nyingi zaidi ili ajipashe joto, sukari ikishuka hulegea, akilegea hanyonyi, na asiponyonya sukari hushuka zaidi na mwili huzidi kupoa. Watu wa nyumbani humsifu kuwa ni mtoto mpole asiyesumbua, kumbe upole huo ndio dalili yenyewe.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Wakazi wa Morogoro na wa pwani huniuliza mara nyingi mtoto atapoaje katika joto hili letu. Hupoa kwa sababu ametoka tumboni, penye joto la nyuzi 37 hivi, akiwa ameloa, na maji yale yanapokauka kwenye ngozi huondoka na joto lake, hasa dirisha likiwa wazi au feni ikiwa inazunguka. Kumwogesha siku ya kwanza ni kumrudisha kwenye hali ileile. Kwa hiyo mwongozo ni kusubiri angalau saa 24 kabla ya kumwogesha mtoto aliyetimiza miezi, na kwa njiti tunasubiri zaidi, mpaka joto na unyonyaji wake vitulie. Utando mweupe anaozaliwa nao unailinda ngozi, na hakuna haja ya kuuharakia kuuosha kana kwamba ni uchafu.

Tiba inayomfaa sana mtoto wa uzito kama wa mwanao ni kifua cha mama. Ninazungumzia huduma ya kangaruu, yaani mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, hufungwa ngozi kwa ngozi kati ya matiti ya mama kwa saa nyingi iwezekanavyo, kuanzia saa 8 hadi 24 kwa siku, huku akinyonya au akinyweshwa kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa. Utafiti ulioendeshwa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusu watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 kuliko wale ambao kangaruu ilisubiri mpaka watulie. Mwanao alizidi kidogo uzito huo, lakini miongozo ya sasa inashauri kangaruu kwa kila njiti na kila mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2.5. Baba, bibi na shangazi wanaweza kupokezana na mama, na ningependa sana mama mkwe wako awe miongoni mwao safari hii.

Kundi la pili ni la watoto ambao wakunga husema wamezaliwa wamechoka. Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kila mji wa mimba unapokaza, hewa hiyo hupungua kwa muda, na mtoto huvumilia kwa kuwa kuna mapumziko kabla ya mkazo unaofuata. Chochote kinachofuta mapumziko hayo au kinachodhoofisha kondo humweka hatarini: uchungu pingamizi, yaani mtoto akikwama njiani, uchungu wa muda mrefu, kifafa cha mimba na shinikizo la juu la damu, kondo kuachia kabla ya wakati, kitovu kutangulia, mtoto kutanguliza matako, mapacha, na mtoto mkubwa wa mama mwenye kisukari. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ziko katika orodha hiyohiyo, na vilevile oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu, inayotolewa bila uangalizi. Huufanya mji wa mimba ukaze bila kuachia, na mama husifiwa kwa uchungu wenye nguvu wakati mtoto anakosa hewa. Hili nalisisitiza kwa sababu dawa hizo huletwa na watu wanaotupenda, mara nyingi kwenye chupa ya chai, na mjamzito huona haya kuzikataa.

Ulinzi dhidi ya hatari hii ni kuyasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto wakati wote wa uchungu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika: kila nusu saa katika hatua ya kwanza, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Mtoto akishatoka, dakika ya kwanza ndiyo yenye uzito. Kati ya watoto 100, takriban 5 hadi 10 huhitaji msaada wa aina fulani ili waanze kupumua. Wengi wao huitikia kwa kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo, na wachache wanaobaki huhitaji kupumulishwa kwa mfuko na barakoa yake, kifaa ambacho wakunga hukiita ambu. Hapa kwetu wahudumu wa hospitali 8 walipofundishwa stadi hiyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hazikuhitajika mashine za gharama. Yalihitajika mafunzo na vifaa rahisi vilivyo karibu na kitanda cha kujifungulia.

Pengine kwenye kadi ya mwanao iliandikwa alama ya Apgar, ile tathmini ya dakika ya kwanza na ya tano iliyobuniwa na daktari wa Kimarekani Virginia Apgar mwaka 1952. Kwa kuwa alilia vizuri, huenda alipata alama za juu, na huenda ndizo zilizowatuliza wote waliokuwapo. Alama hizo hueleza jinsi mtoto anavyoipokea dunia katika dakika zile tu. Njiti mwenye Apgar ya 9 bado ni njiti, na kesho yake anaweza kupoa na kushukiwa na sukari sawa na njiti mwingine yeyote.

Maambukizi ni ya tatu, na huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kabla au wakati wa kujifungua: chupa ikipasuka na saa 18 zikapita bila mtoto kuzaliwa, mama akiwa na homa, maji ya uzazi yakiwa na harufu mbaya, au mama akiwa na maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa. Ya pili ni baada ya kuzaliwa, kwa mikono isiyonawishwa, wembe usio safi, na vitu vinavyopakwa kitovuni. Samli, majivu na mate havina nafasi hapo. Kitovu kiachwe kikavu, kisafi, na nje ya nepi. Kuhusu jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu inayopakwa kitovuni, utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2016 haukuthibitisha kwamba ilipunguza vifo, kwa hiyo usihangaike kuitafuta madukani, ila ukipewa kituoni kwa maelekezo, itumie. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtoto mchanga mwenye maambukizi katika damu mara nyingi hana homa. Anaweza kuwa wa baridi, mlegevu na asiyenyonya, yaani sawasawa na njiti aliyepoa, na hata sisi hatuwezi kuzitofautisha hali hizo kwa macho. Ndiyo sababu tunaanza antibiotiki kwa shaka tu, kisha tunapima.

Manjano nitayapitia kwa haraka. Watoto wengi hupata manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi huisha yenyewe. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, ni dharura inayotibiwa kwa taa maalumu, na kumweka mtoto juani hakutoshi. Kundi la damu la mama lililo hasi na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, ambao si wa nadra katika maeneo yenye malaria, huongeza hatari hiyo. Mwenye upungufu huo huweza kuvunjikiwa damu kwa kuvishwa nguo zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, hivyo nguo za mtoto zisiwekewe vidonge hivyo kabisa.

Upande wa mama, umri wa chini ya miaka 18 au zaidi ya 35, upungufu wa damu, malaria, kaswende, VVU visivyodhibitiwa kwa dawa, sigara, pombe, na mimba zinazokaribiana vyote huchangia mtoto kuzaliwa njiti, mwenye uzito mdogo au mgonjwa. Kwako wewe, mambo mawili yanakuhusu moja kwa moja. Umewahi kujifungua kabla ya wakati, na hilo huongeza uwezekano wa kurudia, ingawa wengi waliopitia hali hiyo hutimiza miezi katika ujauzito unaofuata. Vilevile ujauzito huu umekuja mapema. Ushauri wa kawaida ni kungoja miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, lakini hilo limeshapita na sitaki likuongezee lawama. Maana yake ni kwamba damu yako ipimwe mapema na vidonge vya kuongeza damu uvimeze kila siku bila kukosa. Kama unakula udongo, jambo ambalo wajawazito wengi hawalitaji kliniki, mwambie mkunga.

Wiki 22 bado inakupa nafasi nzuri ya kujipanga. Nenda kliniki wiki hii, na kama hujapimwa altrasaundi, omba ifanyike kabla ya wiki ya 24, kwa sababu uhakika wa umri wa mimba ndio utakaoongoza maamuzi yote baadaye. Pimwa mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, VVU, sukari na shinikizo la damu. Meza dozi za SP za kuzuia malaria kila mwezi kuanzia sasa mpaka utakapojifungua, isipokuwa kama unatumia kotrimoksazoli (Septrin), kwa kuwa hizo hazichanganywi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa na ukamilishe chanjo ya pepopunda. Ukipata maumivu ya mgongo au tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, maji yakichuruzika, au ukiona damu, usingoje asubuhi. Kuna sindano ya deksamethasoni inayokomaza mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wiki ya 34. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika katika nchi tano ikiwamo Kenya, ulionyesha kwamba ilipunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 16. Lakini hutolewa hospitali penye uwezo wa kumtunza njiti na baada ya kuhakikisha mama hana maambukizi, na haifai kununuliwa dukani ili mtu achomwe nyumbani.

Kwa historia yako, nisingependa ujifungulie zahanati. Panga hospitali ya wilaya au ya rufaa yenye chumba cha watoto wachanga, na uulize mapema kama wana kangaruu, oksijeni na ambu ya watoto. Ni maswali halali, na mkunga mwelewa hatachukia. Panga usafiri wa usiku pamoja na fedha zake, na kama kuna ndugu anayeishi karibu na hospitali, hamia kwake wiki za mwisho. Ukifika, sema kwa sauti, hata kama kadi imeandikwa, kwamba mtoto wako aliyetangulia alikuwa wa wiki 34 na alifariki siku ya tatu. Wahudumu wa zamu hawasomi kila ukurasa wakati wodi imejaa.

Akizaliwa, awekwe kifuani pako, aanze kunyonya ndani ya saa moja, na yale maziwa ya mwanzo ya njano yasikamuliwe na kumwagwa. Mtoto aliyetimiza miezi na mama yake hukaa kituoni angalau saa 24. Wako, akiwa njiti au chini ya kilo 2.5, asiruhusiwe mpaka ananyonya au kunywa kwa kikombe vya kutosha, joto lake limetulia, na uzito wake unafuatiliwa. Ukiambiwa uende kabla ya hapo, omba daktari amwone kwanza. Siku ya tatu, ileile iliyokunyang'anya mwanao, mrudishe kliniki akapimwe uzito hata kama anaonekana mzima, kisha tena kati ya siku ya 7 na ya 14.

Katikati ya ziara hizo, mpeleke mara moja, usiku au mchana, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta hewa, akiwa wa moto kuanzia nyuzi 37.5 au wa baridi hata akiwa kifuani, akisogea tu pale anapochokozwa, au akigeuka manjano kama nilivyoeleza. Mbebe ngozi kwa ngozi njiani. Asipitishwe kwanza kwa mtu wa kumsomea au kumkata kimeo; kama familia inataka dua, isomwe wakati mko njiani kuelekea hospitali.